Nyusi za kudumu zisizojitangaza

Mwanamke aliyevaa ninja akipita Ndia Kuu kuelekea Ngome, wanaomjua humtambua kabla hajatoa salamu. Kinachoonekana ni macho na ukanda mwembamba wa ngozi juu yake, na ukanda huo hubeba kazi ya uso mzima: ndio unaocheka, unaoshangaa, unaomkaribisha mgeni. Ndiyo maana nyusi hazijawahi kuwa jambo dogo katika Mji wa Kale wa Mombasa. Bibi harusi akitolewa mbele ya wanawake wenzake siku ya kupamba, itatazamwa hina, zitatazamwa nywele, lakini nyusi zikiharibika hakuna dhahabu ya kuzifunika.

Mapenzi haya ni ya kale. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia mwaka 1858, huko kaskazini ya pwani yetu, alimkumbusha asiache wanja, machoni na nyusini pia. Alikuwa mgonjwa, ameshahisi safari i karibu, na bado aliona jambo hilo linastahili nafasi kati ya maneno aliyomwachia mwanawe kuhusu dini, mume na jamaa. Wanja wake ulioshwa, ukatiwa tena. Aliyekosea leo alianza upya kesho.

Unaouzwa sasa katika saluni za Mombasa, kisiwani na ng'ambo ya Nyali, ni wanja usiooshwa. Rangi huingizwa ndani ya ngozi kwa sindano, na hukaa mwaka mmoja hadi mitatu, pengine zaidi. Wateja si wasichana wa mitandao pekee. Wamo kina mama wa miaka hamsini ambao ujanani walitinda nyusi kila wiki hadi vinyweleo vikachoka kuota. Wamo wauguzi na walimu wanaotoka nyumbani alfajiri, hawana nafasi ya kusimama mbele ya kioo. Wamo wanawake ambao jasho la Kaskazi huwashushia wanja mashavuni kabla ya saa nne asubuhi. Haja yao ni ya haki, na karibu wote huomba jambo moja wakiketi kitini: nyusi zionekane kama zao za kuzaliwa.

Nimezitazama nyusi nyingi zilizotokana na ombi hilo, harusini, matangani na kwenye foleni za benki, na wengi hawakupata walichoomba. Walipata mapande mawili meusi yenye kingo kali, yanayoanza ghafla karibu na pua na kutulia vile vile hata uso unapocheka. Naamini kosa hutokea kabla sindano haijagusa ngozi. Fundi na mteja hukubaliana kuongeza, wala hakuna anayeuliza ni kiasi gani kinatosha. Unyusi wa kudumu ukitaka uonekane wa asili, sehemu kubwa ya kazi ni kuacha: kuacha ngozi ichungulie kati ya rangi, kuacha nywele zilizopo zisimame, kuacha nafasi ya kurudi baadaye kuongeza kidogo.

Mbinu kuu ni mbili. Ya kwanza ni ya kuchanja kwa mkono, ile inayoitwa maikrobledi. Fundi hushika kalamu yenye safu ya sindano nyembamba zilizobanwa pamoja, akachanja mstari mmoja mmoja unaoiga unywele, rangi ikaingia ndani ya mchanjo. Ya pili hutumia mashine ndogo ya sindano, ambayo huacha nukta nyingi ndogo sana. Nukta hizo zikitazamwa kwa pamoja huonekana kama kivuli chepesi, kama unyusi uliopakwa poda. Wapo wanaochanganya: michoro michache ya nywele mwanzoni mwa unyusi, kivuli katikati na mkiani.

Katika zote mbili, kila kitu hutegemea kina. Rangi inatakiwa ikae pale ngozi ya juu inapokutana na ya ndani, umbali usiofika hata milimita moja. Ikibaki juu mno, itatoka na magamba, kwa kuwa ngozi ya juu hujibadilisha yenyewe kila baada ya wiki chache. Ikizama mno, itasambaa na kugeuka kijivu au samawati, maana ngozi iliyo juu yake hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu. Zile nyusi zenye rangi ya chuma tunazoziona mitaani mara nyingi zilianza zikiwa kahawia safi. Mkono ulikuwa mzito, basi.

Picha zinazoonyeshwa saluni aghalabu zimepigwa Ulaya au Korea, juu ya ngozi kavu za nchi za baridi. Kule mchoro wa unywele huweza kubaki mwembamba kwa muda mrefu. Hapa kwetu hewa ni nzito kwa unyevu mwaka mzima, ngozi ya paji hutoa mafuta, na kuanzia Desemba hadi Machi mtu hutoka jasho akiwa ameketi barazani. Katika ngozi yenye mafuta na vinyweleo vipana, mistari myembamba hunenepa na kukaribiana. Baada ya miezi michache ile mistari kumi na mitano iliyomfurahisha mteja imekuwa doa moja. Akirudi kuchanjwa tena juu ya doa, ngozi hukomaa na kuota kovu, na kovu halishiki rangi sawasawa. Kila ziara huzidisha tatizo lililomleta.

Kwa sababu hiyo, kwa nyuso nyingi za pwani ningechagua kivuli cha nukta, tena chepesi, kuliko mistari ya kuchanja. Najua hakivutii kwenye picha ya siku ya kwanza. Picha ya siku ya kwanza haina maana. Uso utaishi na nyusi hizo mwaka mzima, na nukta zikififia hufifia kwa pamoja, hazivunjikivunjiki. Mwenye ngozi kavu, na vinyweleo vyake vimefunga, anaweza kupata mistari mizuri, hasa mwanzoni mwa unyusi ambako nywele za asili ni chache na zimesimama wima.

Kuhusu rangi, kosa linalorudiwa kuliko yote ni nyeusi. Mteja mwenye nywele nyeusi huomba nyusi nyeusi, akidhani ndio uasili. Lakini rangi iliyo ndani ya ngozi hutazamwa kupitia ngozi, na ngozi yetu ya maji ya kunde au nyeusi huongeza kahawia yake juu ya kila kinachopita chini. Rangi nyeusi inayotokana na kaboni, ikipitia humo, huonekana ya majivu. Fundi anayejua kazi hutumia kahawia iliyokolea yenye joto ndani yake, mara nyingine akaidondoshea rangi ya machungwa kidogo kuua ule ujivu. Upande wa pili una hatari pia. Rangi nyingi hutengenezwa kwa oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, na hizo hazififii kwa mwendo mmoja. Mara nyingi wekundu ndio hubaki nyuma, na mtu akajikuta ana nyusi za kutu. Jua la Mombasa huharakisha mambo hayo yote, na anayependa kutembea Mama Ngina jioni bila kujikinga asishangae rangi ikimkimbia mapema.

Hapa lazima niseme juu ya krimu za kujichubua, ingawa jambo hilo halizungumzwi kwa raha. Mwanamke anayetumia krimu zenye haidrokwinoni, steroidi au zebaki ana ngozi iliyopungua unene na inayotoka damu haraka, na damu husukuma rangi nje. Zaidi ya hayo, fundi atachagua rangi kwa kufuata ngozi ya leo. Krimu ikiachwa, ngozi ikarudi hali yake, nyusi hazitalingana na uso tena. Afadhali aache krimu miezi kadhaa kwanza, ngozi ipone, ndipo azungumzie nyusi.

Umbo nalo lina siri zake, na wazee wetu wa kutinda kwa uzi walizijua bila rula. Fundi hunyoosha uzi uliopakwa rangi kutoka ubavu wa pua kwenda juu kupata mwanzo wa unyusi, kupitia mboni kupata mahali pa kupinda, na kupitia pembe ya jicho kupata mkia. Vipimo hivi vinasaidia, lakini uso wa mwanadamu hauna pande mbili zinazofanana. Mmoja ana mfupa ulioinuka kushoto, mwingine amezoea kunyanyua unyusi mmoja anapozungumza. Mteja apimwe akiwa ameketi wima, macho wazi, uso umetulia. Anayepimwa akiwa amelala kitandani hupimwa uso mwingine, kwa maana ngozi huvutwa nyuma na uzito wake. Kisha aambiwe acheke, akunje uso, ashangae, ili fundi aone misuli inapopita. Unyusi ufuate mfupa. Kuuhamisha juu ya mfupa ili mtu aonekane kijana huweza kumfanya aonekane ameshtuka, na miaka kumi baadaye, ngozi ikishuka na rangi ikibaki, nyusi huwa mbili kila upande, wa Mungu na wa saluni.

Mwanzo wa unyusi ndio unaomfichua fundi. Nywele za asili hapo ni haba na laini, kwa hiyo rangi ianze hafifu kabisa, ikolee polepole kuelekea mkiani. Ukiona mwanzo umekatwa mraba, umechongwa kwa ukingo, hapo asili imekwisha hata kama sehemu iliyobaki ni nzuri.

Mambo ya kalenda

Bibi harusi wengi wa Mombasa hufikiria nyusi wiki ya mwisho, pamoja na singo na hina. Kwa nyusi za kudumu hiyo ni kuchelewa sana. Siku za kwanza rangi huwa kali na ngozi imevimba. Kati ya siku ya tano na ya kumi vigaga huanguka, na mara nyingi mtu hutazama kioo akadhani kazi yote imepotea. Rangi hurudi kujionyesha taratibu kufikia wiki ya nne, ikiwa imepungua sana, pengine nusu. Baada ya hapo ndipo ziara ya pili hufanyika, kujaza palipokataa. Mwenye harusi ya mwezi wa Shaaban, wakati watu wanapokimbizana kuoza kabla ya Ramadhani, aanze angalau miezi miwili au mitatu kabla. Asiye na muda huo asiguse sindano. Wanja wa kawaida kwenye mkono wa mpambaji mzuri utampendeza zaidi katika picha.

Kuna swali la udhu, ambalo vitabu vya mafunzo vinavyotoka ng'ambo havilijui. Fundi husema uso usirowe kwa siku kadhaa, naye mteja anaosha uso mara tano kwa siku. Mafundi wengi sasa wanakubali kwamba maji safi yanayopitishwa taratibu na kukaushwa kwa kugusagusa na kitambaa safi hayaharibu kazi. Kinachoharibu ni kusugua, kubandua vigaga, mvuke wa moto, jasho jingi na maji ya bahari. Rangi yenyewe, kwa kuwa iko ndani ya ngozi, haizuii maji kufika. Wapo wanawake wanaopanga miadi iangukie siku zao za hedhi ili siku za mwanzo zisiwatie wasiwasi, na nauona ni mpango wenye busara. Mwenye shaka aulize sheikh anayemwamini kabla ya miadi, jeraha likiwa bado halijakuwepo.

Na hapo ndipo tunafika kwenye swali kubwa zaidi, ambalo katika Mji wa Kale haliwezi kurukwa. Hadithi iliyopokewa kwa Abdullah ibn Masud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inataja laana juu ya wenye kuchanja chale na kuchanjwa, na wenye kunyofoa nyusi kwa ajili ya kubadilisha umbo. Wanazuoni wengi wa leo wanaziingiza nyusi za sindano humo. Wapo wachache wanaozitenga kwa hoja kwamba hufifia, na wapo wanaotofautisha kati ya anayejipamba na anayeondoa kasoro iliyoletwa na maradhi. Mimi si wa kutoa hukumu, lakini namheshimu fundi anayemwambia mteja wake wazi kwamba hili ni chale, badala ya kulipamba kwa majina ya vipodozi ili asiulize.

Kuna upande mmoja wa jambo hili ambao sijausikia ukizungumzwa saluni. Mwanamke Mwislamu akifiwa na mume hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika siku hizo huacha mapambo, wanja ukiwa miongoni mwa yanayotajwa kwa jina. Wanja wa kudumu hauvuliwi. Nyusi zilizokolea, zenye ukingo mkali, zitakaa usoni mwa mjane mbele ya kila anayekuja kumpa pole. Nyusi hafifu zilizofuata nywele zake mwenyewe hazitamwekea uso wa harusi wakati wa msiba. Uso wa kudumu unabidi ufae kwa siku zote atakazoishi mtu, za furaha na za huzuni, za ofisini na za kitanda cha hospitali. Fundi akiliwaza hilo, mkono wake utapungua wenyewe.

Piko si njia ya mkato

Wengi wanaoogopa sindano, au gharama yake, hukimbilia piko. Ni rangi nyeusi ya nywele inayouzwa kwa vipakiti, nayo imezoeleka hapa kuchorea maua meusi pembeni ya hina nyekundu. Kupaka piko kwenye nyusi huchukua dakika chache na weusi hukaa siku kadhaa. Natamani kila saluni ya kisiwani ikatae kuifanya kazi hii.

Piko hupata weusi wake kutokana na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, PPD kwa kifupi. Hata katika rangi za kupaka kichwani Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 2, na haikukusudiwa kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Kwa baadhi ya watu, baada ya siku chache au wiki mbili, sehemu iliyopakwa huvimba, hutoa malengelenge na kuacha alama. Watalii wamerudi makwao kutoka pwani nyingi za dunia na makovu yenye umbo la maua waliyochorwa. Ubaya wake hauishii hapo. Mwili uliokwisha kuikataa PPD mara moja huikataa maisha yote. Aliyedhurika na piko atakapotaka kupaka mvi zake rangi akiwa na miaka sitini, kichwa kitavimba, na huenda akapata mzio hata kwa baadhi ya dawa za ganzi.

Na karibu na jicho hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 1933 iliuzwa Marekani rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, na kiini chake kilikuwa PPD hiyo hiyo. Iliwapofusha wanawake, na mmoja alikufa. Picha za uso wa mwanamke mmoja aliyepofuka zilizunguka nchi nzima, zikasaidia kupitishwa kwa sheria ya vyakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Nchi ile ilijifunza kwa macho ya wanawake wake. Sisi tunaijua habari hii tayari, na kipakiti kile bado kinafunguliwa vyumbani mwetu mkesha wa kila Idd.

Hina halisi ni jambo jingine kabisa. Majani ya mhina yana rangi yake ya asili, na rangi hiyo ni ya machungwa inayokolea kuwa kahawia. Haiwi nyeusi kwa dakika kumi. Ukiambiwa ni hina nyeusi, kimetiwa kitu.

Kabla ya kuketi kitini, inafaa kuuliza pia nyusi zilikwenda wapi. Zilizotindwa kupita kiasi zina historia inayojulikana. Lakini unyusi unaopungua upande wa mkiani, pande zote mbili, pamoja na uchovu, baridi na kunenepa bila sababu, huweza kuwa dalili ya tezi ya shingoni kufanya kazi kidogo. Nyusi zinazotoka kwa mabaka ya mviringo huweza kuwa ugonjwa wa kinga ya mwili. Ukoma nao hula nyusi, pamoja na mabaka ya ngozi yasiyohisi. Kuna dawa kwa mengi ya haya, na fundi anayejaza rangi juu yake humfichia mgonjwa taarifa ambayo mwili wake ulikuwa unaitoa. Kwa mwenye saratani, nyusi huenda na matibabu na mara nyingi hurudi. Anayetaka kuchanjwa azungumze na daktari wake, maana wakati wa dawa hizo kinga iko chini na jeraha dogo halipuuzwi. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, mjamzito, na mwenye asili ya makovu yanayovimba, wote wana sababu ya kusubiri au kuacha.

Ninapozungumzia jeraha sizidishi. Hii ni kazi ya damu, na homa ya ini aina ya B na C, pamoja na virusi vya Ukimwi, hupita kwenye sindano iliyotumika. Sindano itoke ndani ya pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya mteja, itupwe mbele yake. Kikombe cha rangi kiwe chake peke yake na kilichobaki kisirudishwe chupani. Chupa iwe na lebo inayosomeka, tarehe ya mwisho na orodha ya vilivyomo. Tangu Januari 2022 Umoja wa Ulaya umeweka mipaka kwa maelfu ya kemikali katika rangi za tatuu na za vipodozi vya kudumu. Hilo peke yake linaonyesha ni vingapi viliwahi kuingizwa ngozini mwa watu bila kuulizwa.

Kutoa ni kugumu kuliko kutia. Leza huvunja rangi, lakini baadhi ya rangi zenye oksidi za chuma au titani hugeuka nyeusi zaidi zinapopigwa, na ngozi nyeusi ina hatari ya kubaki na mabaka meupe. Kazi hiyo huhitaji ziara nyingi na mtaalamu aliyewahi kutibu ngozi kama yetu. Ninawaomba wasichana wa miaka kumi na minane walifikirie hili. Nyusi nene zinapendwa leo. Mama zao walipendezwa na nyembamba zilizochorwa kwa kalamu, na wao angalau waliweza kuziosha.

Swali la kumuuliza fundi ni hili, kwa heshima: "Dada, nionyeshe nyusi ulizofanya mwaka jana, kwa mtu mwenye ngozi kama yangu." Azionyeshe zilizopona, siyo za siku ile ile zenye wekundu unaong'aa pembeni. Fundi mzuri atakuwa nazo, na baadhi ya wateja wake watakubali kuonekana. Kisha asikilizwe anavyojibu mteja akisema anataka nene na nyeusi. Akisema "sawa, auntie" na kuchukua kalamu, mteja achukue mkoba wake. Akisema tuanze na kidogo, uende, urudi baada ya wiki sita tuone, huyo ndiye.

Na kabla ya miadi, kuna jaribio lisilogharimu chochote cha kujutia. Kwa wiki mbili, kila asubuhi, mwanamke achore lile umbo analolitaka kwa kalamu ya wanja ya kahawia, mstari ule ule, bila kubadilisha. Kama anataka kivuli, anunue hina safi ya unga Mtaa wa Biashara, ajaribu kwanza nyuma ya sikio na kungoja siku mbili, kisha aikoroge kwa maji na kuipaka kwenye nyusi kwa nusu saa. Kwenye ngozi ya uso itafifia baada ya siku chache, kwenye nywele itakaa zaidi. Aende nazo kazini, sokoni Marikiti, harusini, na nyumbani kwa mama mkwe. Ajipige picha kwenye jua la saa sita na chini ya taa ya jikoni. Mengi yatajulikana katika siku hizo kumi na nne: kwamba mkia ni mrefu mno, kwamba upande wa kulia umepanda, au kwamba nywele zake zilizopo, zikichanwa kuelekea juu na kupakwa mafuta kidogo, zilikuwa zinatosha.